Idd Mubarak, na haki za dada zetu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, dada zangu, wazee wetu na watoto wetu, nawatakia Idd al-Adha njema. Mwenyezi Mungu atutakabalie swala, funga ya Arafa na udhhiya zetu tulizochinja, na awarejeshe mahujaji wetu salama.

Mwaka huu Idd imenikuta sina mama. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia simu jamaa wote, akianzia kwa kaka zake. Tulipofungua sanduku lake tulikuta karatasi ya mirathi ya babu, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Majina ya wajomba yana ekari mbele yake. La mama lina mstari mtupu. Hakuwahi kututajia, wala hakuacha kuwapigia simu siku ya Idd. Silisemi hili kuwasuta wajomba zangu. Nalisema kwa sababu karatasi za namna ile zimo katika masanduku ya mama wengi.

Na hii ni Idd ya Bibi Hajar kama ilivyo ya mumewe, Nabii Ibrahim. Mumewe alimwacha na mtoto mchanga bondeni pasipo maji, akamuuliza kama ni Mungu aliyeamrisha, akajibiwa ndiyo, akasema basi hatatutupa. Kisha hakukaa akangoja. Alikwenda baina ya vilima vya Safa na Marwa mara saba, huku akitafuta msaada, hadi maji ya Zamzam yakatoka. Kila hujaji, awe mfalme au kuli, anafuata hatua zake, na wanapofika kwenye taa za kijani ni wanaume wanaokwenda mchakamchaka kama alivyokwenda mama yule.

Hata swala yenyewe ya Idd, Umm Atiyya, sahaba mwanamke, amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watoke, wanawali na wenye hedhi pia, hao wa hedhi wajitenge na wanaoswali lakini waipate kheri na dua. Akaulizwa, na asiye na jilbabu, vazi la kujifunika? Akasema mwenzake amvishe lake. Leo ipo misikiti isiyo na hata pembe ya mwanamke kuswali.

Basi sisi wanaume tumche Mungu. Nyama ya udhhiya tunaigawa mafungu matatu kwa uangalifu, jirani hatumsahau. Lakini shamba la marehemu linakaa miaka halijagawiwa, na dada akiuliza anaambiwa ana tamaa! Suratun-Nisaa, aya ya 7, imesema wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Aya ya 4 imesema mahari wapewe wao. Hiyo ni faradhi, tusiigeuze hisani yetu. Na mabinti waachwe wasome. Masahaba wanaume walikwenda kwa Bibi Aisha kuuliza dini yao, na Bibi Khadija alimkabidhi Mtume biashara yake kabla hajaolewa naye. Tunawataja mimbarini, tukirudi nyumbani tunawanyamazisha wake zetu.

Mwenye haki ya dada yake mkononi, amrudishie kabla mwezi huu wa Mfungo Tatu haujaisha, dada akiwa hai.

Mola amrehemu mama yangu na wazazi wetu wote waliotangulia, awaponye wagonjwa, awape wepesi wajane na mayatima, atufikishe mwakani tukiwa na afya na imani.

Kullu aam waantum bikheir. Idd Mubarak.