Barua kutoka Chicago: Mgombea useneta mnayemwita kijana wetu

Chicago, Illinois
Jumapili, 24 Oktoba 2004

Kwako Mjomba mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, na Ramadhani ya huku si nzito kwa kuwa mchana wa Oktoba umeshaanza kufupika. Nimeipokea barua yako, nami nimefurahi kuona kwamba wakati wenzako wa barazani wanagawana tayari lami, kazi na viza zitakazoletwa na huyo mnayemwita kijana wetu, wewe umeuliza jambo la msingi: Barack Obama anasimamia nini, na watu wa Illinois wanamtakia lipi? Nitakujibu kwa urefu, maana nimekuwa nikiyasoma magazeti ya hapa na kuisikiliza midahalo miwili iliyokwisha kufanyika mwezi huu, ingawa kura mwenyewe sina, kwa kuwa si raia.

Kwanza tukubaliane ni kiti gani kinachogombewa. Wewe unaikumbuka Seneti yetu ya Kenya, ile iliyozaliwa na katiba ya uhuru mwaka 1963 na ikavunjwa kabla haijatimiza miaka mitano. Hii ya Marekani ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo, na kila mmoja hukaa miaka sita. Hao ndio wanaowaidhinisha au kuwakataa mawaziri na majaji wanaoteuliwa na rais, na mikataba na mataifa mengine haithibitishwi bila ya theluthi mbili ya kura zao. Kwa sasa chama cha Republican kina viti 51, kwa hiyo kiti kimoja kinachoachwa wazi na Peter Fitzgerald, Mrepublican asiyegombea tena, kina uzito kuliko unavyoweza kudhani. Kogelo, kijiji cha huko kwetu Kenya magharibi, Obama anapajua, maana ndiko alikotoka marehemu baba yake, lakini wanaomtuma Washington ni wakulima wa mahindi, wafanyakazi wa viwandani na wakazi wa mitaa ya Chicago, na misimamo yake yote imekatwa kwa kipimo cha watu hao.

Jambo lililomtofautisha na wanasiasa wengi wa chama chake cha Democratic ni vita vya Iraq. Tarehe 2 Oktoba 2002, akiwa bado seneta wa jimbo tu, yaani mbunge katika bunge la Illinois lililoko Springfield, makao makuu ya jimbo, alisimama katika uwanja wa Federal Plaza katikati ya jiji hili akasema kwamba yeye hapingi kila vita, akataja vita vya kukomesha utumwa na vile vya kumpinga Hitler kuwa vya haki, kisha akasema anachokipinga ni vita vya pupa visivyo na hoja. Siku chache baadaye Seneti ya Marekani ilimpa Rais Bush idhini ya kwenda vitani kwa kura 77 dhidi ya 23, na miongoni mwa waliosema ndiyo walikuwamo John Kerry na John Edwards, ambao leo ndio wanaoipeperusha bendera ya Democratic katika uchaguzi wa rais. Kwa hiyo utaona kwamba mgombea huyu wa useneta alikuwa ameshasema wazi jambo ambalo wakubwa wake mpaka sasa wanahangaika kulieleza.

Hata hivyo, Mjomba, usiende kuwaambia watu barazani kwamba akichaguliwa askari watarudi kesho yake. Hilo hakuliahidi. Anasema kwamba Marekani ikishaivunja nchi ya watu ina wajibu wa kuituliza, na kwamba kuondoka ghafla kutaleta maafa makubwa zaidi. Anachotaka ni washirika wengi zaidi na mpango unaoeleweka. Baadhi ya rafiki zangu waliokuwa wakiandamana wamevunjika moyo kwa msimamo huo, hasa baada ya idadi ya askari wa Marekani waliokufa kupita 1,000 mwezi uliopita. Mimi nauona kuwa wa mtu anayejua kwamba maneno ya kampeni yatamfuata ofisini, ijapokuwa nakiri kwamba kwa familia ya Baghdad tofauti baina ya jeshi lililokuja kwa pupa na jeshi linalobaki kwa wajibu si rahisi kuiona.

Linalotugusa sisi Waislamu ni lile la haki za raia. Baada ya Septemba 2001 ilipitishwa ile sheria iitwayo Patriot Act, kwa kura 98 dhidi ya moja katika Seneti, ikawapa maafisa wa serikali uwezo mpana wa kupekua kumbukumbu za watu, hata za vitabu walivyoazima maktaba. Kisha wanaume kutoka nchi kadhaa, karibu zote za Kiislamu, waliamriwa kwenda kujiandikisha na kuchukuliwa alama za vidole; Wakenya hawakuwamo katika orodha, lakini jirani zangu Wasomali walikuwamo, na nakumbuka namna mama mmoja wa Kisomali alivyokuwa akiipiga pasi kanzu ile ile ya mumewe mara mbili usiku ule kabla hajaenda, kana kwamba unyoofu wa nguo ungesaidia. Obama alipohutubia mkutano mkuu wa Democratic huko Boston tarehe 27 Julai, alisema kwamba familia ya Kiarabu ikikamatwa bila ya wakili wala utaratibu wa sheria, hilo linatishia haki zake yeye pia. Kwa mgombea anayehitaji kura za watu wenye hofu, maneno hayo si mepesi.

Nawe uliyekaa mahakamani miaka mingi ukiandika maungamo ya washtakiwa ambao baadaye waliyakana, nina hakika hili linalofuata utalipenda kuliko yote. Hapa Illinois iligunduliwa kwamba tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na 13 waliokuwa wakisubiri kifo walionekana hawakustahili kuhukumiwa. Gavana wa wakati huo, George Ryan, Mrepublican, akasimamisha adhabu hiyo mwaka 2000, na kabla hajaondoka madarakani Januari 2003 akawaondolea hukumu ya kifo wafungwa wote waliosalia. Katika hali hiyo ndipo Obama alipousimamia mswada unaowalazimu polisi kurekodi kwa video au sauti mahojiano ya mtu anayeshukiwa kuua. Polisi waliupinga, waendesha mashtaka waliupinga, hata baadhi ya wanaopinga adhabu ya kifo waliuona kuwa ni hatua ndogo mno. Alikaa nao mmoja mmoja mpaka wakakubali, na mwaka jana ukawa sheria. Yeye mwenyewe hasemi kwamba adhabu ya kifo ifutwe kabisa. Anaikubali kwa makosa ya unyama uliopita kiasi, ila anataka mtu asifikishwe huko kwa maungamo ya kipigo. Nimeutaja mswada huu kwa kirefu kwa sababu naamini unamwonyesha mtu zaidi kuliko hotuba ya Boston ambayo nyote mmeisikia.

Sasa afya. Watu milioni 45 katika nchi hii tajiri hawana bima, na asiye na bima akilazwa anaweza kuipoteza nyumba. Wazee wa miaka 65 na zaidi wana mpango wa serikali uitwao Medicare, lakini dawa wanazonunua wenyewe dukani bado hazimo. Sheria ya mwaka 2003 itaanza kuwasaidia mwaka 2006, na sheria hiyo hiyo imeikataza serikali kukaa na makampuni ya dawa na kupatana bei. Bibi mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake, mjane mwenye maradhi ya moyo, huweka juu ya meza ya jikoni chupa ya vidonge na kisu kidogo, akakikata kila kidonge nusu kwa nusu ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi, na daktari wake hana habari. Obama anataka serikali iruhusiwe kupatana bei, na watu waruhusiwe kununua dawa Kanada, ambako ni rahisi. Anataka pia bima iwafikie watoto wote kwanza, kisha wengine. Gharama yake anasema itatoka katika kuufuta ule unafuu wa kodi ambao Bush aliwapa matajiri wakubwa, huku watu wa kipato cha kati wakiachiwa wao. Hesabu zake sijaziona zikifungwa sawasawa, na magazeti nayo yamemuuliza hivyo hivyo.

Kuhusu kazi, mfano anaoutumia ni mji wa Galesburg, magharibi ya jimbo, ambako kiwanda cha majokofu cha Maytag kimefungwa mwezi uliopita na kazi zake kuhamishiwa Meksiko. Wafanyakazi wapatao 1,600 walikuwa wakikitegemea. Obama hasemi biashara na mataifa mengine isimame. Anasema makampuni yanayohamisha kazi yasipewe nafuu ya kodi, na mikataba ya biashara iwe na masharti ya haki za wafanyakazi na mazingira. Hapa, Mjomba, ndipo ningependa wenzako wa barazani wasikilize. Dada Mwanajuma anashona suruali katika kiwanda cha EPZ, yaani cha eneo la kutengenezea bidhaa za kuuza nje, kwa sababu Marekani iliipitisha mwaka 2000 sheria ya AGOA, inayoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru, na Julai mwaka huu ikaongezewa muda ili viwanda vyetu viendelee kutumia vitambaa vya kununua Asia. Mwezi Januari mgawo wa nguo duniani, yaani kikomo cha nguo ambazo nchi inaruhusiwa kuuza nje, unaondolewa, na China itauza itakavyo. Kura ya seneta wa Illinois juu ya mambo kama hayo inaweza kuingia jikoni kwa Mwanajuma moja kwa moja, na seneta huyo atakuwa ameahidi kwanza kumlinda mtu wa Galesburg. Kadhalika anaunga mkono serikali isaidie utengenezaji wa mafuta ya magari kutokana na mahindi, kwa kuwa ukitoka nje ya Chicago unakuta mahindi mpaka macho yachoke. Si ajabu wala si usaliti. Ndiyo kazi anayoiomba.

Mpinzani wake ni Alan Keyes, naye pia mweusi, msomi na msemaji mkali, aliyewahi kuwa balozi chini ya Rais Reagan na kugombea urais mara mbili. Si mtu wa hapa. Mgombea wa kwanza wa Republican, Jack Ryan, alijitoa mwezi Juni kwa aibu ya mambo ya talaka yake, na Agosti chama kikamleta Keyes kutoka Maryland akapangishiwa nyumba Calumet City, karibu na Chicago. Anataka kodi ya mapato ifutwe, na amependekeza wazao wa watumwa wasilipe kodi kwa kizazi kimoja au viwili, jambo ambalo limewashangaza hata wa chama chake. Tena anasema yale marekebisho ya katiba ya mwaka 1913, yaliyowapa wananchi haki ya kuwachagua maseneta moja kwa moja, yabatilishwe, na uteuzi urudi kwa mabunge ya majimbo. Kwa maneno mengine anawaomba watu kura huku akiwaambia kwamba kura hiyo hawakustahili kupewa.

Lakini hoja yake kubwa ni ya dini na maadili, na hapo ndipo wazee wetu wangemsikiliza. Keyes ni Mkatoliki, anapinga utoaji mimba bila ya kulegeza, na amefika kusema kwamba Yesu asingempigia Obama kura. Anamlaumu kwa kuupinga, katika bunge la jimbo, mswada wa kuwalinda watoto wanaozaliwa hai baada ya jaribio la kutoa mimba. Obama anajibu kwamba sheria ya Illinois tayari ilimlazimu daktari kumtibu mtoto kama huyo, na kwamba mswada ule ulikuwa na shabaha ya kuidhoofisha haki ya kutoa mimba iliyotambuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1973, haki ambayo yeye anaiunga mkono. Juu ya ndoa za jinsia moja, anasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, lakini hapendi katiba ya taifa ibadilishwe kulitamka hilo, na anakubali wapenzi wa jinsia moja wapewe haki za kisheria kama za urithi na kumwona mgonjwa hospitalini. Nimekuandikia kama yalivyo ili usije ukaambiwa na mwingine ukadhani nilikuficha.

Silaha nitazigusa tu: marufuku ya bunduki za kivita iliyowekwa mwaka 1994 imemalizika muda wake mwezi uliopita, Obama anataka irudishwe, Keyes hataki.

Umeuliza kama atashinda. Katika kura za mchujo za Machi alipata asilimia 53 miongoni mwa wagombea saba, mmoja wao akiwa milionea aliyemwaga mamilioni ya dola za mfukoni mwake, na sasa kura za maoni zinampa uongozi mkubwa. Uchaguzi ni tarehe 2 Novemba, na Jumanne hii kuna mdahalo wa mwisho.

Ama hilo la viza ya Salim, ambalo umeliandika pembeni kana kwamba si la maana, jibu ni kwamba seneta hatoi viza. Zinatolewa na maafisa wa ubalozi Nairobi, na ofisi ya seneta huweza kuandika barua ya kuulizia pale tu mkazi wa jimbo lake anapoomba. Mkazi huyo ni mimi, kwa hiyo Salim anitumie nakala ya barua ya chuo, taarifa ya benki na namba ya maombi yake, nami baada ya Januari nitaandika kwa yeyote atakayekuwa amekaa kitini.

Nisalimie Mama, Bibi na wote waliomo nyumbani.

Mpwa wako,
Zuhura