Ushuru wa video tutalipa, lakini risiti ya mama samaki itatoka wapi?

Kwako Mhariri,

Kila ifikapo Juni, vijana wenzangu wanaotengeneza video hapa Kisumu hupanga foleni kwenye saiba (maduka ya intaneti) za Kondele na kutoa agizo moja: "Nijazie sufuri," yaani ritani (taarifa ya ushuru ya mwaka) inayosema hawakupata mapato yoyote. Mhudumu hubonyeza, hulipwa pesa yake, na kijana hurudi nyumbani akiamini amemalizana na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Kwa mtu aliyelipwa na YouTube mwaka huo, hata kama ni mara moja, ritani hiyo ni ya uongo. Nasema hivyo bila kuwadharau, maana nawajua. Wanaogopa hesabu ambayo hakuna aliyeketi nao kuwaeleza.

Mimi hupika mbele ya kamera: samaki wa ngege na omena, aliya (nyama iliyokaushwa), mboga za osuga na dek za kutiwa maziwa. Wanaonitazama zaidi ni Wakenya walio ng'ambo, hasa Marekani, wanaotamani chakula cha kwao. Sina ajira nyingine. Nataka kulipa ushuru wa kazi hii kama mwalimu na muuguzi wanavyolipa wa mishahara yao.

Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyoleta makato ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni. Mswada ulikuwa umependekeza 15, kelele zikapigwa, ikashuka. Wengi waliposikia 5 wakadhani hapo ndipo ushuru unapoishia. Hayo ni malipo ya mapema tu. Mwaka ukiisha unahesabu ushuru wako wote, kisha unaondoa kilichokwisha kukatwa. Na kwangu mimi anayekata ni mlipaji wa hapa nchini, kwa mfano hoteli inayotaka niitangaze. Pesa za YouTube huniingia benki bila makato hayo, kwa hiyo ni jukumu langu kuzitaja.

"Lakini dada, Google wameshanikata," huniambia wengine. Ni kweli wamekatwa. Tangu Juni 2021 Google hukata ushuru wa Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walio nchini humo. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kupunguza ushuru huo, hivyo tunakatwa asilimia 30 kamili ya sehemu hiyo. Asiyejaza kabisa fomu ya ushuru kwenye akaunti yake anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yaliyotoka kwa mtazamaji wa Bondo. Pesa hizo huenda kwa serikali ya Marekani, wala hazikutoi kwenye daftari la KRA. Wabunge wetu wangeulizia mkataba huo, wangetusaidia sana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ushuru wa biashara hulipwa kwa faida. Tuchukue mpishi aliyepata shilingi 600,000 kwa mwaka. Amenunua samaki, mboga, mafuta, makaa na bando, amemlipa kijana wa kushika kamera na kuunganisha video, jumla 250,000. Faida yake ni 350,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na 62,000 zilizobaki asilimia 25. Jumla ni 44,300. Ukitoa nafuu ya 28,800 ambayo kila mkazi hupewa kwa mwaka, analipa 15,500. Huo ni mzigo unaobebeka.

Mpishi huyo huyo akikosa uthibitisho wa gharama, anatozwa kwa 600,000 nzima. Shilingi 212,000 kati ya hizo zinaingia kwenye asilimia 30, na baada ya nafuu ile ile anadaiwa 88,600. Tofauti ni shilingi 73,100, kwa sababu ya karatasi.

Na karatasi yenyewe si ile ya kuandikwa kwa kalamu. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa KRA wa kutoa ankara, haikubaliwi kupunguzwa kwenye mapato. Bando na mafuta ya dukani nina ankara zake. Samaki je? Nanunua ufuoni Dunga, kwa mama anayepokea mtumbwi alfajiri na kumaliza kuuza kabla jua halijawa kali. Mboga nanunua Kibuye, kwa nyanya aliyetandaza gunia chini. Hao ndio gharama yangu kubwa, na hakuna kati yao aliyewahi kunipa ankara ya aina hiyo.

Najua sheria ilirekebishwa Desemba 2024, kwamba muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka anaweza kutolewa ankara na mnunuzi mwenyewe. Ni rekebisho jema na naliunga mkono. Ila nikimwomba mama samaki PIN yake, yaani namba yake ya mlipa ushuru, ananitazama kama niliyetumwa kumchunguza. Ameniuzia miaka mingi, lakini siku niliyomwomba namba hiyo alinipimia samaki bila neno. Simlaumu. Amesikia KRA ikitajwa kwa vitisho tu, na mimi si mtu wa kumhakikishia kwamba kutaja namba hiyo hakutamletea madhara.

Jambo jingine linalonikera ni kwamba mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 ana njia ya kulipa asilimia 3 ya mauzo yake bila kuulizwa gharama. Sisi tulio chini ya milioni hatuna mlango huo. Wenye kidogo ndio tunaodaiwa daftari nene zaidi.

Tena kuna walipaji wanaokata na kunyamaza. Kampuni moja ilinikata asilimia 5 ya malipo ya tangazo, na hadi leo cheti cha makato hayo hakijaonekana kwenye akaunti yangu ya iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani. Sheria inamtaka aliyekata awasilishe pesa hizo ndani ya siku 5 za kazi. Bila cheti, nitalipa mara ya pili kile nilichokwisha kulipa.

Kwa wenzangu: acheni sufuri. Faida yako ikiwa chini ya 288,000 na huna mapato mengine, nafuu inaumeza ushuru wote. Utajaza mapato yako halisi na hutadaiwa kitu. Jaza kabla ya Juni 30, kwa sababu faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000.

Kwa KRA: maafisa wenu wa Kisumu wasingoje mama samaki aje ofisini. Waende Dunga asubuhi, mitumbwi ikiwa imefika, wamweleze kwa Kiswahili na Kijaluo maana ya ankara inayotolewa na mnunuzi, na wamwonyeshe kwamba PIN yake haimfanyi kuwa mdaiwa. Halafu waende Kibuye siku ya soko. Wafanye hivyo kabla ya msimu ujao wa ritani.

Mpishi wa video,
Nyalenda, Kisumu