Barua kwa mwanangu Neema kuhusu manowari ya Fujian

Kigamboni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Neema,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia kwamba u mzima na mafunzo ya vitendo huko Mwanza yanakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na bibi yako anakuombea dua kila siku.

Umeniandikia kwamba wewe na mwenzako mmetofautiana kuhusu manowari mpya ya China ya kubebea ndege, Fujian, iliyokabidhiwa rasmi kwa jeshi la majini tarehe 5 Novemba 2025 kule Sanya, kisiwani Hainan. Wewe unaisifu kwa sababu ya ukubwa wake wa tani zaidi ya 80,000, na mwenzako anasema meli za namna hiyo zimepitwa na wakati kwa kuwa kombora moja linaweza kuzimaliza. Umeniomba niamue kati yenu. Nimelifikiria jambo hili kwa siku kadhaa, na naona kwamba nyote wawili mmeacha kuuliza maswali mawili ambayo mtu wa mitambo angeanza nayo: meli hiyo inaona mbali kiasi gani, na katika mwaka mzima inaweza kuwa baharini siku ngapi?

Nianze na la hapa kwetu. Babu yako alikuwa mvuvi wa Kunduchi, na mara nyingi alinisimulia juu ya Jumamosi ya tarehe 25 Januari 1964, siku chache baada ya askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi yetu wakati ule, kuasi. Alikuwa anarudi na ngalawa asubuhi aliposikia ngurumo kutoka upande wa bahari, akaona helikopta zikipita chini chini kuelekea nchi kavu. Zilitoka katika manowari ya Uingereza iitwayo Centaur, iliyokuwa imekuja kutoka Aden na wanajeshi wa Kikosi cha 45 cha makomandoo, baada ya Mwalimu Nyerere kuomba msaada. Wanajeshi hao walishushwa katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, na muda si mrefu waasi walikuwa wamenyang'anywa silaha. Babu hakupenda kabisa kwamba tuliwahitaji wageni, na hata mimi silipendi jambo hilo. Lakini kama somo la ufundi liangalie vizuri. Meli ile iliundwa kurusha ndege za kivita, na siku ile kilichofanya kazi ni sitaha pana na helikopta zilizopakiwa juu yake kwa haraka. Sitaha inaweza kufanya kazi ambayo mchoraji wake hakuifikiria, na hiyo ni hoja yako dhidi ya mwenzako. Hata hivyo ukumbuke pia kwamba hapakuwa na mtu pwani hii aliyekuwa na silaha ya kuifikia Centaur. Manowari ya ndege mbele ya asiye na kombora ni kitu kimoja, na mbele ya mwenye kombora na nyambizi ni kitu kingine kabisa.

Sasa juu ya kuona. Hapa kusini mwetu, katika delta ya Rufiji, kuna mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa meli aujue. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezewa mitambo yake. Kisha Königsberg ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Wakaleta vyombo viwili vyenye mizinga na vinavyoelea katika maji machache, Severn na Mersey. Mizinga hiyo peke yake isingefaa kitu, kwa sababu wapigaji hawakuwa wakimwona wanayempiga. Ndege ndogo zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizokuwa juu zikituma ishara kwamba risasi imepita, imepungua, au imekwenda pembeni. Tarehe 11 Julai 1915 ndege moja ilipigwa, na wakati inashuka bila injini, mtazamaji aliyekuwa ndani yake aliendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg iliisha. Jicho la juu ndilo lililoipa mizinga maana.

Jambo hilo halijabadilika kwa miaka mia moja na zaidi. Mwaka 1982 Uingereza ilikwenda kupigania visiwa vya Falkland ikiwa na manowari mbili za ndege, Hermes na Invincible, lakini haikuwa na ndege ya rada ya kukaa juu na kutazama mbali. Tarehe 4 Mei meli ya Sheffield, iliyowekwa mbele kama mlinzi, ilipigwa na kombora la Exocet lililorushwa na ndege iliyokuja chini karibu na uso wa maji. Rada ya meli haioni nyuma ya upeo wa macho, kwa kuwa dunia imejipinda. Ukitaka kuona mbali zaidi, ni lazima uipandishe rada yako angani.

Hapo ndipo muundo wa sitaha unapoingia, na hapo ndipo naona thamani halisi ya Fujian, ambayo wewe umeipita haraka ukikimbilia tani. Unakumbuka manati uliyotengeneza kwa mpira wa tairi la baiskeli, ukaangusha maembe mabichi ya jirani nyuma ya nyumba? Jiwe dogo lilikwenda mbali na jiwe kubwa likaanguka karibu, kwa sababu nguvu ya mpira ilikuwa ile ile. Ndege ya rada ni jiwe kubwa: ni nzito, na injini zake za pangaboi hazina msukumo wa ndege ya kivita. Manowari zenye pua iliyoinuka kama mgongo wa wimbi, kama Vikrant ya India iliyoanza kazi Kochi mwaka 2022, au Liaoning na Shandong za China yenyewe, zinamwachia rubani aruke kwa nguvu ya injini zake tu. Kwa hiyo ndege ya kivita hupunguziwa mafuta au silaha ili iweze kuruka, na ndege nzito ya rada hairuki kabisa. Queen Elizabeth ya Uingereza nayo, pamoja na tani zake 65,000, inategemea helikopta kubeba rada. Mwaka 2010 Waingereza waliamua kuweka manati, yaani mtambo wa kuisukuma ndege iruke, katika meli za aina hiyo, na mwaka 2012 wakarudi nyuma baada ya gharama kupanda sana. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika meli hizo, kwa sababu sitaha utakayochagua leo ndiyo itakayokuamulia ndege zako kwa miaka 50 ijayo.

Fujian ina manati tatu za sumaku-umeme. Mwaka 2025 China ilionyesha zikirusha aina tatu za ndege, na mojawapo ni KJ-600, ndege ya rada. Ningekuwa wewe, ningemjibu mwenzako kwa ndege hiyo moja. Manati ya umeme ina faida nyingine ambayo wewe kama mhandisi utaielewa: nguvu yake inapangwa kulingana na uzito wa ndege, na inasukuma kwa utaratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, wakati ile ya mvuke hupiga kwa kishindo kinachochosha mwili wa ndege. Droni nyepesi na ndege nzito zinaweza kurushwa na mtambo mmoja.

Lakini usiyachukue hayo ukadhani kazi imekwisha. Marekani ndiyo iliyotangulia katika teknolojia hii kwa meli yake ya Gerald R. Ford, iliyoingia jeshini Julai 2017 kwa gharama ya takriban dola bilioni 13. Lifti zake 11 za kupandishia silaha zilikamilika zote Desemba 2021 tu. Wakaguzi wao wenyewe waliandika kwamba manati zake nne zimeunganishwa kiumeme kwa namna ambayo huwezi kuitenga moja na kuitengeneza wakati nyingine zinaendelea kurusha ndege. Fundi yeyote akisikia hivyo anashika kichwa. Hata Fujian ina maswali yake. Haina kinu cha nyuklia, kwa hiyo inachoma mafuta na inahitaji meli za kuijaza, na mabomba ya moshi wake yanakula nafasi ndani ya meli na juu ya sitaha. Ina lifti mbili za kupandishia ndege, wakati Ford ina tatu. Lifti moja ikikwama, nusu ya njia ya kupandishia ndege imeziba.

Hilo linanileta kwenye swali la pili, ambalo nalijua kwa mikono yangu. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa chini ya sitaha ya tagi, ile meli ndogo ya kuvuta na kusukuma meli kubwa, tukisukuma meli ya makontena kwenda gatini. Nilisikia mgongano mwepesi, tik, tik, ukifuata mzunguko wa rafadha, yaani pangaboi la meli. Nikaweka kiganja karibu na kiungio cha mhimili na joto likanirudisha nyuma. Tulipozima injini na kufungua kifuniko, bolti mbili zilikuwa zimekatika vichwa, na chembechembe za chuma zimejaa ndani ya grisi kama mchanga wa pwani. Mhimili ulikuwa umefungwa ukiwa umepinda kwa kiasi ambacho jicho halikuweza kukiona. Tagi nzima, injini mbili nzuri kabisa, ililala gatini wiki sita kwa sababu ya kiungio kile.

Kwa hiyo niliposoma kwamba Agosti 2022 Prince of Wales, meli dada ya Queen Elizabeth, imeharibika kiungio cha mhimili wa rafadha ya kulia muda mfupi baada ya kuondoka Portsmouth, nilijua wenzangu kule chini walikuwa wanasikia nini. Meli hiyo haikurudi kazini hadi mwaka uliofuata. Februari 2024 ikawa zamu ya Queen Elizabeth kukutwa na tatizo la kiungio kabla ya kwenda kwenye mazoezi makubwa ya NATO, na Prince of Wales ikaenda badala yake. Waingereza waliokolewa na kuwa na meli mbili. Ufaransa ina moja tu, Charles de Gaulle, na ilipoingia matengenezoni mwaka 2017 kwa takriban miezi 18, Ufaransa haikuwa na manowari ya ndege hata moja. Thailand iliingiza yake kazini, Chakri Naruebet, mwaka 1997. Ndege zake za kivita zikastaafishwa mwaka 2006, na meli ikabaki na helikopta na kazi za uokoaji. Nimesikitika kila nilipoona picha zake. Pegasus nayo, usisahau, ilipigwa ikiwa matengenezoni.

Mwenzako ana haki kuhusu makombora. China yenyewe imeunda kombora la DF-21D kwa ajili ya kuipiga manowari ya ndege kutoka nchi kavu, na masafa yake yanakisiwa kuwa karibu kilomita 1,500. Lakini kombora la mbali linahitaji kuambiwa meli iko wapi sasa, na meli inakwenda. Ni Rufiji tena: mwenye jicho hupiga, asiye na jicho hupoteza risasi. Mwambie hivyo, kisha mkubalie kwamba meli italazimika kukaa mbali zaidi na ufuko wa adui kuliko zamani, na kwamba ndege itakayoruka na mafuta kamili kwa msaada wa manati ndiyo itakayoweza kufika na kurudi.

Naomba unifanyie jambo moja. Tafuta picha ya sitaha ya Fujian iliyopigwa kutoka juu, uchore mstari wa njia ambayo ndege hutua, kisha uangalie ni manati ipi iko ndani ya njia hiyo na haiwezi kurusha wakati ndege nyingine inatua. Weka alama pia kwenye zile lifti mbili, upime umbali wa kila moja hadi mahali ndege inapoanzia kurushwa. Niletee mchoro huo ukija likizo, tuukalie mezani pamoja.

Baba yako