Barua kwa mwanangu: sema umeupata kwa nani

Mwanangu,

Salamu. Huku Mikindani hatujambo, ila baba yako anakohoa usiku na hospitali hataki kusikia. Ile video yako ya mchezo wa karata nimeiona. Mdogo wako aliniletea simu nikiwa napepeta mchele, nikaitazama mpaka bando lake likaisha na akanuna. Mikono yako miepesi, na watu unawatazama usoni bila woga. Nilifurahi, sikufichi. Halafu mwishoni ukasema, "Mchezo huu nimeubuni mimi mwenyewe." Pale furaha ikanikauka.

Umeubuni lini? Na sasa nasikia unakwenda Dar kwenye shindano la vipaji. Utasimama ukumbini urudie maneno hayohayo?

Mimi nimefundisha hesabu mpaka nimestaafu, kwa hiyo kiinimacho chako hakinipiti. Nilizitafuta zile karata za mjomba wako, bado zipo kabatini, pembe zimelegea na saba ya kopa imetafunwa na mende. Nikakaa mkekani nikahesabu 21. Unagawa mafungu matatu, saba saba, moja moja kwa zamu. Mtu aliyechagua karata moja moyoni anakwambia iko fungu gani, unaliweka fungu hilo katikati. Kufikia hapo karata yake iko kati ya nafasi ya 8 na ya 14. Ukigawa tena, zile saba zinatawanyika, na katika kila fungu zinaangukia nafasi ya 3, ya 4 au ya 5 tu. Unaweka tena katikati: imebaki ya 10, ya 11 au ya 12. Ukigawa mara ya tatu, hizo tatu zinaingia kila moja fungu lake, zote nafasi ya nne. Akitaja fungu tu, umeshaijua. Ukizikusanya inakuwa ya 11, kumi juu yake na kumi chini, hata uligeuze furushi zima. Nilijaribu kwa shupaza, nikajaribu kwa kopa, nikacheka peke yangu. Ni kitu kizuri. Lakini si chako.

Mjomba wako, aliyekufundisha, hajawahi kusema ni wake. Kila alipoucheza alianza kwa kumtaja yule utingo wa lori la korosho aliyemwonyesha Masasi. Utingo naye aliupata kwa mwingine, na ukizidi kurudi nyuma unaingia kwenye vitabu. Mfaransa Bachet aliutaja mchezo huu wa mafungu matatu katika kitabu chake cha hesabu za kujifurahisha, mwaka 1612. Maelezo ya Bachet kuhusu karata yalikuwa na upungufu. Gergonne, Mfaransa mwingine, ndiye aliyekuja kuupigia hesabu kamili kwenye jarida lake la hisabati, 1813 na 1814, kwa karata 27, akaonyesha kwamba unaweza kuipeleka karata nafasi yoyote unayotaka. Leo wanahisabati wanauita kwa jina la Gergonne, ambaye alikuja miaka mia mbili baadaye. Sasa na wewe wa Lindi unataka kuweka jina lako juu ya hao wote?

Na ule wa pili, wa kupanga karata kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa tatu, usidhani sikuuona. Huo unajulikana kwa jina la Si Stebbins (hiyo "Si" ni jina lake), Mmarekani wa mwishoni mwa karne ya 19, lakini mpango unaofanana nao Mwitaliano Galasso alikuwa ameshauchapisha Venice mwaka 1593. Usije ukaubuni na huo.

Wenzako wa kazi hiyo wana adabu nayo. Mwaka 1902 kilitoka Chicago kitabu cha karata kilichoandikwa na mtu aliyejiita Erdnase. Jina hilo ni la bandia, na mpaka leo watu wanabishana alikuwa nani. Hata hivyo mchezaji akitumia kitu cha Erdnase, anamtaja. Wanamheshimu mtu wasiyemjua, wewe unamruka mjomba wako anayekaa Naliendele!

Unajua kwetu mjomba ni nani. Yeye simu yake ni ya kitochi, lakini wanawe wana simu kubwa, na video itamfikia kama haijamfikia. Hatasema kitu. Atanyamaza, na ukimya wake mimi nimekua nao, naujua. Karata mimi nilizipiga marufuku nyumbani, ndiyo maana ulikuwa unakwenda kujifunzia kule ghalani kwake. Basi angalau asilipwe hivi.

Kilicho chako kipo. Yale maneno ya majahazi matatu yanayotoka Mikindani, kila fungu jahazi, na karata ni abiria aliyetoroka bila nauli, hayo sijayasikia kwa mjomba wala kwa mtu yeyote. Jisifie nayo. Ngoma ya sindimba haina mtunzi anayejulikana, ila mpigaji hodari anajulikana kijiji kizima. Ukumbini sema: mchezo ni wa zamani, nimefundishwa na mjomba wangu Mtwara, maneno ni yangu. Haichukui hata dakika moja. Mpigie kabla hujapanda basi, usimtumie meseji.

Na ile video irekodi upya au andika chini yake. Usiifute, umependeza na lile shati, ingawa kola ilikuwa haijapigwa pasi.

Mengine: salfa ya mikorosho tumepata, lakini bomba la kupulizia linavuja na fundi anataka hela kabla hajalifungua. Ile uliyoahidi bado hatujaiona. Bati la jikoni nalo lishughulikiwe kabla ya mvua. Mdogo wako anadai daftari za michoro, uliza bei huko Lindi, hapa wanatupiga. Ming'oko nimekutengea, nitampa dereva wa basi la Jumamosi. Ndoo uirudishe, ni ya jirani.

Mama yako