Mwanangu, Würzburg ni mfupa uliounga

Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Picha zako zimefika. Mama yako ameshikilia ile ya darajani, anauliza kwa nini umevaa koti jepesi vile. Mimi nimekaa na ile ya kilima cha mizabibu juu ya stesheni, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokiona niliposhuka treni mwaka ule wa mafunzo yangu, kabla hujazaliwa.

Umeandika kwamba Würzburg, mji wako huo wa Ujerumani, ni mzuri kama vile haujawahi kuguswa. Hapo, mama, ndipo nilipochukua kalamu. Unajua kazi yangu. Mtu anaingia chumba cha eksirei akitembea sawasawa, mguu umenyooka, lakini picha ikitoka unaona kinundu pale mfupa ulipovunjika ukaunga. Würzburg ni mfupa wa namna hiyo. Na mashine inayonionyesha vinundu hivyo asili yake ni huko huko: tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aliona kibao kikimeta gizani katika maabara yake, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Röntgenring, na hivyo akaigundua miale ya eksirei. Hakutaka hataza ya ugunduzi ule. Ndiyo maana nampenda mzee yule. Pita pale unisalimie chumba chake.

Usiku wa tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliumwagia mji mabomu ya moto kwa dakika 20 hivi. Watu wapatao 5,000 walikufa, na karibu asilimia 90 ya mji wa kati ikaungua, vita ikiwa imebakiza chini ya miezi miwili kwisha. Nyumba nyingi unazozidhania za kale, kuta zake zimejengwa bibi yako akiwa tayari yupo duniani. Katika jumba la Residenz paa liliteketea, ila kuba la msanifu majengo Balthasar Neumann juu ya ngazi kuu lilistahimili. Afisa mmoja Mmarekani, John Skilton, akahangaika kutafuta mbao za kuliezeka kwa muda mvua isije ikaozesha mchoro wa darini wa Mwitaliano Tiepolo, wa 1752 na 1753, unaoonyesha mabara ya dunia. Panda ngazi zile taratibu, uinue macho. Utatuona na sisi: Afrika ni mwanamke juu ya ngamia. Ulaya yeye ameketi kwenye kiti cha enzi. Mchoraji hakuwahi kufika kwetu. Mimi nilisimama pale muda mrefu, nikavutiwa na rangi, nikaumia kidogo, vyote kwa pamoja.

Lakini usiuonee mji huruma ya moto peke yake. Kuna mivunjiko ambayo mji ulijivunja wenyewe. Mwaka 1349 Wayahudi wake waliangamizwa, na mahali pa sinagogi lao likaja kujengwa kanisa la Marienkapelle, hilo zuri la sokoni. Mwaka 1987, nyumba moja ya zamani ilipobomolewa, mawe ya makaburi ya Wayahudi yakaonekana ndani ya kuta, zaidi ya 1,400. Watu walikuwa wameishi na majina ya marehemu ukutani. Kisha wakaja Wanazi, wakawasafirisha Wayahudi kwa treni kwenda kuuawa. Mbele ya stesheni utaona masanduku na mabegi yasiyo na mwenyewe: hayo ndiyo kumbukumbu yao. Usiyapite kama mtu anayewahi basi.

Na kati ya 1626 na 1631 huko walichoma mamia ya watu kwa tuhuma za uchawi, hata watoto. Niliposimuliwa habari hiyo sikuweza kumcheka mtu, maana mimi ni mtoto wa Usukuma. Vikongwe wetu waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni za kutupikia sisi, nani amewaandikia jiwe? Swali hilo nililibeba kutoka huko hadi nyumbani, na bado ninalo.

Wanasema miji yetu ni ndugu tangu 1966. Huo una watu 130,000 hivi, huu wetu umepita milioni, na tunao ziwa na miamba. Ila mimi naiona ndugu kweli, kwa sababu madaktari wa huko wamefanya kazi na sisi katika hospitali yetu ya Bugando kwa miaka mingi, nami nimefaidi mkono wao.

Sasa nina ombi. Tarehe 16 Machi, saa 3:20 usiku, kengele za makanisa zitalia kukumbuka usiku ule. Nenda kasimame kwenye daraja la zamani, karibu na sanamu ya Mtakatifu Kilian. Huku itakuwa saa 5:20, sitakuwa nimelala. Nipigie simu, usiseme kitu, uielekeze tu mtoni nisikilize.

Na ununue koti.

Baba yako