Salamu za Krismasi 2024 kwa Vijana wa Usharika, Hasa Watakaokuwa Zamu

Bwana Yesu asifiwe!

Kwa niaba ya kamati ya vijana, tunawasalimu nyote katika jina la Bwana na Mwokozi wetu Yesu Kristo. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda tangu Januari hadi kuiona tena siku hii. Wako wengi waliotamani kuifikia na hawakuifikia.

Krismasi mwaka huu ni Jumatano. Maana yake mkesha ni Jumanne, siku ya kazi kama nyingine, na wengi wenu mtatoka kibaruani jioni, mpigane na daladala, muoge haraka na kuwahi kiti kabla wazee wa kanisa hawajaanza kupanga watu kwenye mabenchi ya nje. Wengine hamtatoka kabisa. Mtakuwa getini, wodini, kaunta, stendi, jikoni hotelini. Kwenu ninyi salamu hizi zinafika kwanza.

Mwaka haukuwa mwepesi. Tuliuanza na sukari iliyofika shilingi 4,000 kwa kilo na kupita, chai ikanywewa kwa hesabu. Juni maduka ya Kariakoo yakafungwa kwa mgomo, na wenzetu wanaolipwa kwa siku wakakaa nyumbani bila kitu. Kisha asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba, ghorofa likaporomoka Kariakoo watu wakiwa wamekwisha kufungua biashara, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ni nani kati yetu asiye na ndugu au rafiki anayeuza katika duka la mtu mtaa ule? Tunawapa pole wafiwa wote. Bwana awe faraja yao.

Kwaya nayo ina pengo lake. Yule kijana wa besi aliyezoea kufika mazoezini wa mwisho, akiwa na helmeti mkononi, akaisukuma chini ya benchi la nyuma ndipo afungue daftari, alifariki Agosti kwa ajali ya pikipiki, usiku, akiwa bado anaitafuta hesabu ya siku ya kumpelekea mwenye pikipiki. Teno wawili wamehamishiwa besi na bado ubeti wa mwisho haujai. Tunamkosa. Tumejaribu kuliandika hili kwa namna ya salamu za sikukuu, limekataa.

Kwa ajili yake tuanze na bodaboda. Vijana wetu wengi wanaendesha kwa mkataba: unampelekea mwenye chombo, tuseme, 10,000 kila siku, siku saba za wiki, hadi muda uishe na kadi ya pikipiki igeuzwe jina, iwe yako. Mkataba wa namna hiyo hauna Jumapili ndani yake, na anayekudai kila siku hana haja ya kukukataza kanisa, hesabu inatosha kukukataza. Sasa pigeni hesabu hii. Siku saba kwa 10,000 ni 70,000 kwa wiki. Mwendee mwenye pikipiki umwambie utaleta 12,000 kwa siku sita, yaani 72,000. Yeye kaongezewa 2,000, wewe umepata siku ya kulala na kusali. Kama 12,000 ni nzito, omba 11,500: inakuwa 69,000, pungufu 1,000 kwa wiki. Kwa mkataba wa mwaka mmoja pengo lote ni 52,000, nalo linafidiwa kwa siku tano za nyongeza mwishoni. Jumapili abiria wa kazini hawapo, kwa hiyo siku unayoiachia mara nyingi ndiyo yenye kipato kidogo.

Mikataba hii huharibika kwa sababu husemwa kwa mdomo. Pikipiki ikilala gereji siku tatu, ugomvi unaanza: siku hizo zinahesabiwa au hazihesabiwi? Andikeni, nakala mbili, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na shahidi wa kila upande. Iandikwe idadi ya siku za kulipa, nani ananunua oili na matairi, injini ikifa inakuwaje, bima ni ya nani, na kadi itageuzwa jina lini. Malipo yapitie kwenye simu, siyo mkononi, ili kumbukumbu zibaki hata mkikosana.

Mlioajiriwa, mnayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na wengi wenu hamjawahi kuifungua. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Kila wiki una haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na atakayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa anastahili malipo ya msingi mara mbili kwa saa hizo. Kwa hiyo atakayekuwa lindoni Jumatano na Alhamisi aandike saa zake kwenye daftari lake mwenyewe, ameingia na kutoka saa ngapi, asitegemee kitabu cha msimamizi peke yake. Mshahara wa Desemba ukifika, linganisha.

Zamu nayo ina adabu zake. Ratiba ya sikukuu hupangwa mapema mwezi huu, na anayekwenda kuomba tarehe 23 amechelewa, hata akilia. Nenda na mbadala mkononi: Mwislamu mnayefanya naye kazi akushikie Krismasi, nawe umshikie Idi mwishoni mwa Machi. Mwandike wote wawili, msimamizi asaini. Ahadi hiyo uitunze kuliko ahadi ya mchango wa ujenzi, maana ukimtupa mwenzako Machi, Mkristo atakayeomba Krismasi ijayo atanyimwa kwa sababu yako. Anayetoka lindo la usiku asiendeshe moja kwa moja kuja ibada ya kwanza. Alale, aje ya pili. Kusinzia juu ya benchi ni jambo dogo, kusinzia juu ya pikipiki ndiko kulikotuletea msiba.

Tuje kwenye fedha. Mwajiri mwema hulipa mapema Desemba, na wema huo ndio mtego. Mshahara ukiingia tarehe 20, unaofuata ni 31 Januari: siku 42. Chukueni kijana wa shilingi 400,000. NSSF inakata 40,000. Katika 360,000 zilizobaki, kodi ya mshahara haigusi 270,000 za mwanzo, inakata asilimia 8 ya zilizozidi, yaani 7,200. Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka: 60,000. Mkononi anabaki na 292,800. (Fungu la kumi litolewe kabla ya makato au baada, hilo tunamwachia mchungaji. Mwaka jana lilitumalizia muda wote wa semina.) Akiigawa kwa siku 30 kama alivyozoea, anajiona ana 9,760 kwa siku. Akiigawa kwa 42, ana 6,970 tu, na bado hajalipa kodi ya chumba. Tofauti hiyo ya karibu 2,800 kwa siku ndiyo inayowapeleka watu kwa wakopeshaji wa kausha damu katikati ya Januari, wakati wadogo zetu nao wanasubiri madaftari na sare za shule.

Dawa yake haina maajabu. Siku mshahara unapoingia, toa kwanza kodi ya chumba na nauli ya kazini ya Januari yote, uziweke mahali usipoweza kuzigusa kwa kubonyeza simu. Kikoba kinachofungwa hadi Februari kinafaa kuliko nia njema. Nauli ya kwenda nyumbani ihesabiwe kwenda na kurudi kabla hujanunua zawadi hata moja, kwa sababu anayekwama Moshi tarehe 2 hupoteza kibarua, siyo nauli tu. Tiketi ya basi iwe na jina la kampuni, namba ya gari na ya kiti, usimpe mpiga debe fedha pale stendi ya Magufuli kwa ahadi ya kiti cha mbele. Wa Dodoma na Morogoro, hii ndiyo Krismasi ya kwanza tukiwa na treni ya SGR: daraja la kawaida Dodoma ni 31,000 na Morogoro 13,000. Usingoje siku yenyewe, nafasi za sikukuu hujaa.

Sasa burudani, kwa kuwa mnatuuliza kila mwaka kama tunaikataza. Hatuikatazi. Bwana aliwaambia wanafunzi wake wajitenge wapumzike kidogo, maana watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata (Marko 6:31). Ila mkeka wa kubeti si mapumziko. Mechi kumi kwenye tiketi moja, kila moja tuseme ina nafasi ya asilimia 60 kwenda ulivyotabiri: zote kumi zikatiki kwa pamoja ni chini ya asilimia 1. Katika mikeka 1,000, kama sita tu. Mingine yote imechanika, kama arobaini kati yake kwa mechi moja tu, na hiyo "mechi moja" ndiyo inayomrudisha mtu kesho yake. Upendeni mpira. Simba na Yanga mtabishana hadi parapanda, hilo halina ada.

Bonanza la Alhamisi tarehe 26 lianze saa moja asubuhi, limalizike kabla ya saa tano. Mwaka hadi mwaka linaharibika kwa njia ileile: watu wanafika saa nne wakiwa hawajalala tangu mkesha, jua la Desemba limekwisha kukaa utosini, misuli inakaza dakika ya kumi. Timu za watu saba, dakika ishirini kwa mechi, refa asiwe na timu inayocheza. Maji yawe lita mbili kwa kila mchezaji na kila mwenye kuvuta kamba, na soda si maji. Watakaoendelea ufukweni mchana waingie wawiliwawili, kila mtu anamjua mwenzake, na aliyelewa asiingie hata magotini. Maji yakianza kutoka huwa yanavuta kuliko yanavyoonekana kutoka mchangani.

Kina dada na kina kaka wa jikoni: kwa watu 60 hesabuni mchele kilo 9 na nyama kilo 6. Msipike pilau yote kwenye sufuria moja kubwa, chini itaungua na juu itabaki kiini. Gawanyeni sufuria mbili, na maji yakishakauka punguzeni makaa ya chini, mengine yapalieni juu ya mfuniko.

Wapendwa, mtuvumilie kidogo. Katika majira haya ya Adventi tumesikia habari za Yohana Mbatizaji kule mtoni. Watu walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia wahamie jangwani. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiasi walichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao (Luka 3:10-14). Kila mtu alirudishwa kwenye kazi yake na jibu la kazi yake. Basi nawe fundi, usimwambie mteja kipuri kimekufa wakati ni nati imelegea. Nawe wa kaunta, chenji ya mia mbili ni ya mama yule. Nawe unayeitwa bosi na vijana wawili tu, walipe tarehe uliyosema. Msije mkatuimbia haleluya Jumatano na Ijumaa mkamzimia simu anayewadai jasho lake.

Na wale ambao mmeanza maisha yenu na mna dada wa kazi nyumbani: amri ya Sabato haikuishia kwako. Iliwataja mtumwa wako na mjakazi wako, ng'ombe na punda pia, wapate kupumzika kama wewe (Kumbukumbu 5:14). Mkitoka wote kwenda ibadani mkamwachia vyombo vya mkesha na watoto watatu, mmeitunza siku ya Bwana kwa mgongo wa mtu mwingine. Ana umri wenu, pengine mdogo wenu. Naye ana mama yake kijijini anayengoja simu. Mpeni siku yake, na mpeni malipo yake yote mkononi mwake, bila kumkata gilasi iliyovunjika Machi. Enyi vijana, Mungu hapokei sadaka iliyokunjwa kwenye bahasha nzuri ikiwa imetoka kwenye ujira uliozuiliwa! Mrudishieni mtu cha mtu, kisha njooni.

Wale wachungaji wa Bethlehemu walikuwa zamu ya usiku, makondeni, malaika alipowatokea. Walikwenda, wakamwona mtoto, wakarudi wakimsifu Mungu (Luka 2:8-20). Hakuna aliyewalaumu kwa kutokuwepo mjini jioni ile.

Kwa sababu hiyo, watakaokuwa kazini Jumanne usiku na Jumatano watuletee majina yao kwa katibu kabla ya Jumapili ya nne ya Adventi, tarehe 22. Alhamisi saa moja jioni, bonanza likiwa limekwisha na watu wameoga, tutakuwa na ibada fupi kwa ajili yenu: masomo yote ya Krismasi, nyimbo tatu, na chakula cha usiku kitakachowekwa pembeni kabla vijana wa mpira hawajakifikia. Njooni na sare za kazi kama mnapitiliza lindoni, maegesho ya pikipiki ni upande wa ofisi.

Tunawatakia nyote, wazazi wenu na wadogo zenu, Krismasi njema yenye amani, na heri na baraka tele za Mwaka Mpya 2025. Mungu awalinde barabarani, kazini na majumbani.

Kamati ya Vijana