Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya utetezi vya Pwani

Wanangu,

Nawaandikia hadharani kwa sababu ninalotaka kusema halihusu kikundi kimoja. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 haujafika, lakini tayari wagombea wanawatafuta, na baadhi yenu mmeanza kuulizana ni yupi wa kusimama naye. Naomba swali hilo mliweke kando, mjiulize kwanza ni jambo gani mnalotaka libadilike, yeyote atakayeshinda.

Mwaka 2016 watetezi wa haki za binadamu Maina Kiai, Khelef Khalifa wa hapa kwetu Mombasa na Tirop Kitur walikwenda Mahakama Kuu na swali ambalo wengi wetu tuliliona dogo: matokeo ya urais yanayotangazwa na msimamizi wa uchaguzi katika eneo bunge ni ya mwisho, au ni ya muda mpaka Nairobi iyathibitishe? Sheria ya wakati ule iliyaita ya muda, na humo ndimo ilimokaa hofu ya tarakimu kubadilika njiani. Tarehe 7 Aprili 2017 mahakama iliwapa haki. Tume ya Uchaguzi ikakata rufaa. Na tarehe 23 Juni majaji watano wa Mahakama ya Rufaa wakashikilia kuwa hesabu iliyotangazwa kule chini ndiyo hesabu, wala mwenyekiti wa Tume hana mamlaka ya kuigeuza. Miezi miwili baadaye, Mahakama ya Upeo ilipobatilisha uchaguzi wa rais, sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa juu ya fomu 34A, yaani ya matokeo ya urais ya kituo cha kura, na 34B, yaani ya jumla ya eneo bunge, na namna zilivyopelekwa. Mwaka 2022 Tume yenyewe iliweka wazi picha za fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi yeyote mwenye subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Watatu wale hawakumnadi mgombea yeyote, na kwa ajili hiyo hukumu yao ilimfaa kila mgombea.

Kuhusu sera nina machache. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024, sababu mojawapo ikiwa kasoro katika ushirikishwaji huo, kisha Mahakama ya Upeo ikaitengua hukumu hiyo mwezi Oktoba. Kwa hiyo msiiachie mahakama peke yake: pelekeni maoni yenu kwa maandishi mswada ukiwa bado kamatini, kifungu kwa kifungu, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Niliwahi kuwa katika kikundi kilichopokea nauli na chakula kutoka kwa mgombea mmoja. Hakutuomba lolote. Alipokwisha kushinda, njia ya wavuvi ya kuendea dikoni ikazibwa kwa ukuta, nasi tukakaa vikao vitatu tukitafuta maneno laini ya kumwandikia, na barua haikuandikwa. Wavuvi hawakuja kwetu tena, na sikuwalaumu. Kila mmoja wenu ana haki ya kumpigia kura amtakaye, hata kumfanyia kampeni kwa jina lake mwenyewe. Lakini daftari la kikundi, muhuri wake na fedha zake visiingie katika msafara wa mtu. Mchango mkiupokea, andikeni umetoka kwa nani na ni kiasi gani, na msomeeni yeyote atakayeuliza.

Kikundi kitakachoanza mapema kuwafunza vijana kuisoma fomu 34A, kuipiga picha nakala inayobandikwa mlangoni pa kituo na kuilinganisha na ile ya eneo bunge, kiniite. Nitakuja kukaa nanyi.

Mzee wenu,
Mombasa